Lumumba, karani wa Kalima ambaye hakuingia universite

Kila mwaka, wakati majibu ya mutihani wa Leta yanatoka, sisi wa sindika tunapokea wageni wa namna ingine. Si wafanyakazi wenye kugombana na bosi wao. Ni wazazi. Papa anaingia, mutoto iko nyuma yake ameshika simu yenye kuonyesha asilimia aliyopata, na furaha ya jana imekwisha kugeuka kuwa ulizo: aende universite, ao aanze kazi?

Ulizo hilo ni zito hapa kwetu. Kule Salamabila na kwenye machimbo mengine ya Kabambare, dhahabu inaita. Universite ya Kindu iko mbali, na barabara tunaijua wote. Minerval, nyumba ya kulala, chakula, vitabu: ni miaka ya kutoa franga bila kuingiza. Lakini kwenye shimo, hata kama ni kidogo, jioni kuko kitu mufukoni. Mama anaangalia wadogo wanaobaki nyumbani, anaangalia mukubwa mwenye diploma, na hasemi neno. Wote wanatuangalia sisi, sawa vile tuko na jibu ndani ya sanduku la sindika.

Jibu moja la kutosha watoto wote hatuna. Lakini mwaka huu tumefikiri kueleza maisha ya mutu ambaye jina lake kila mutu analijua, hata mutoto wa shule ya musingi. Wengi hawajui kwamba kazi yake ya kwanza ya kalamu aliifanya katika mgodi, tena mgodi wa Maniema yetu. Na wengi wanazani alikuwa musomi wa universite kwa sababu ya Kifaransa alichokuwa anasema. Hapana. Patrice Lumumba hakuingia universite hata siku moja.

Mutoto wa Onalua

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, kule Sankuru, ngambo ya muto Lomami ukitoka huku kwetu. Watu wake ni Watetela, ndugu wa damu na Wakusu wa hapa. Baba yake alikuwa mulimaji. Hakukuwa duka la familia, hakukuwa mujomba mwenye kazi kubwa. Kulikuwa shamba, mvua na jua.

Wakati ule shule zote za watu weusi zilikuwa mikononi mwa wamisionere. Lumumba alipita kwa Waprotestanti wa Metodisti kule Wembo-Nyama, akapita pia kwa Wakatolike wa Tshumbe. Alikuwa na akili nyepesi na ulimi usiolala. Mutoto wa namna hiyo walimu wanamupenda asubuhi na kumufukuza jioni. Aligombana nao, akahama, akagombana tena. Karibu na mwaka 1943, alipokuwa na miaka 18, aliacha shule bila diploma.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana vijana wetu wanaweza kusikia vibaya. Lumumba hakuacha universite ili aende kazi. Universite haikuwako. Katika Congo nzima ya Wabeleji, kijana mweusi aliyetaka masomo ya juu alikuwa na mulango mumoja tu: seminari, ni kusema kuwa padri. Aliyebaki alifundishwa kuwa katekista, karani, musaidizi wa munganga, mwashi ao seremala. Wabeleji walipanga hivyo kwa makusudi. Walitaka mikono mingi na kalamu chache za kuhesabia ile mikono. Kwa hiyo ulizo la kazi ao universite, ambalo linaumiza kichwa cha wazazi leo, Lumumba hakuulizwa. Wengine walimujibia mbele azaliwe.

Kalima, wakati wa vita

Akavuka kuja upande wetu. Akafika Kalima, kwenye mgodi wa kampani ya Symétain, ile ambayo wazee wetu waliitumikia mbele haijaunganishwa na zingine kuwa Sominki katika mwaka 1976, na leo tunaona Sakima fasi hiyohiyo. Kule alipata kazi ya karani.

Ilikuwa vita kubwa ya dunia. Wajapani walikuwa wameteka Malaya, kule Asia, ambako bati mingi ya dunia ilikuwa inatoka. Kwa hiyo Waingereza na Waamerika walikuwa wanatafuta bati fasi ingine, na kasiterite ya Maniema ikakuwa na bei ya vita. Nani alilipa hiyo bei? Watu wa vijiji. Katika mwaka 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa mwaka, kutoka 60 mpaka 120. Kule Elisabethville, mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mushahara walipigwa risasi na askari kwenye kiwanja cha mupira. Sindika ya watu weusi ilikuwa bado imekatazwa. Iliruhusiwa tu kuanzia 1946, tena chini ya jicho la Wazungu.

Ndio Kalima ambayo yule kijana aliikuta. Karani wa mgodi, wakati ule kama leo, ni mutu wa kuandika majina na siku. Mwenye kubeba udongo anabeba. Mwenye kalamu anaandika kama amebeba ao hakubeba. Siku ikikosa kuandikwa, haikufanywa. Posho ikiandikwa nusu, mutu anakula nusu. Mutu mwenye kukaa kwenye meza ile, kama iko na macho, anajua upesi kwamba katika mgodi kuko vitu viwili vyenye kutawala: sururu na karatasi. Na karatasi ndiyo yenye kuamuru sururu.

Lumumba hakukaa sana. Alipita Kindu, na katika mwaka 1944 alikuwa amekwisha kufika Stanleyville, ile tunayoita leo Kisangani. Wachimbaji wengi wanafanya safari hiyo leo, wanakimbia shimo kutafuta muji. Wengi wanapata muji na wanapoteza njia. Yeye alifanya kitu kingine: aliingia kazini mchana, na akarudi shule usiku.

Shule ya usiku

Alipata kazi ya karani katika biro za serikali. Jioni, wakati wenzake walienda kupumzika, yeye alifuata masomo kwa Wabruda Marista. Alifuata pia masomo kwa njia ya barua: unaandika, unatuma, unangoja majibu. Katika mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kwenye shule ya posta. Hiyo ndiyo masomo ya kazi aliyofika nayo juu zaidi: miezi michache ya kujifunza barua, mandati na hesabu. Alimaliza vizuri, katikati ya wale wa mbele. Akarudi Province Orientale akafanya kazi ya posta, kwanza Yangambi, kisha Stanleyville.

Kazi haikumutosha. Alikuwa mutunzaji wa maktaba ya watu weusi bila malipo, na mutu anayekaa na ufunguo wa vitabu anavisoma. Alisoma Wafaransa wakubwa, Voltaire, Rousseau, Victor Hugo. Aliandika makala katika magazeti kama La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Wakati mwana-sayansi mumoja Mufaransa alipofika Stanleyville kuchunguza maisha ya muji, Lumumba alimusaidia nyuma ya saa za kazi, na kwa njia hiyo akajifunza namna wasomi wanavyouliza maulizo.

Na kitu ambacho sisi tunapenda kukumbusha: aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi weusi wa serikali katika Province Orientale, APIPO. Mbele ya kuwa waziri, mbele ya kuwa na chama cha siasa, alijifunza kuongoza mukutano, kuandika barua ya malalamiko yenye heshima na yenye meno, kuhesabu ada za wanachama. Kama kuna universite ambayo Lumumba aliingia, ni hiyo: mikutano ya jioni yenye taa ya petroli, watu wanachoka, wanagombana, wanaandika procès-verbal, na kesho asubuhi kila mutu anarudi kazini.

Universite inafunguliwa, mulango unabaki mbali

Katika mwaka 1954 Wabeleji walifungua universite ya kwanza ya Congo, Lovanium, karibu na Léopoldville. Miaka miwili nyuma ikafunguliwa ile ya Elisabethville. Lumumba alikuwa na miaka 29. Alikuwa ameoa Pauline Opango katika 1951, alikuwa na watoto, nyumba na kazi. Diploma ya sekondari ya kuingia nayo hakuwa nayo. Chakula cha kweli kimeletwa wakati njaa imekwisha kuzoea mutu.

Mwaka huohuo alipata karte ya imatrikilasio, ile iliyosema mbele ya sheria kwamba mutu mweusi fulani amehesabiwa sawa na Muzungu. Mara ya kwanza waliikataa, alishtaki, akaipata. Katika Congo nzima waliopata karte ile hawakupita mamia machache. Fikirini: mutu anasoma usiku miaka kumi, anaandika kwenye magazeti, na serikali inakaa kikao kujua kama anafaa kuhesabiwa mutu muzima.

Tumuweke pembeni yake kijana mwingine, ili tuone njia mbili. Thomas Kanza alizaliwa katika 1933. Yeye alipata bahati ambayo Lumumba hakuipata: alienda Ubeleji, akasoma Louvain, na katika 1956 akamaliza, Mucongomani wa kwanza asiye padri kupata diploma ya universite. Mumoja alipita mulango wa mbele, mwingine alipita dirishani. Nyuma ya miaka mine walikaa katika serikali moja: mwenye diploma alikuwa chini ya karani wa posta, na alimutumikia kwa uaminifu, akawakilisha inchi kule Umoja wa Mataifa. Hatusemi hivyo ili kuzarau diploma. Tunasema ili kuonyesha kwamba kila mumoja alikuwa na lazima ya mwenzake.

Franga za posta

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi wanaruka wanapoeleza maisha ya Lumumba. Sisi hatutaruka. Wafanyakazi si watoto, na mutu mukubwa hana lazima ya kupakwa rangi.

Katikati ya mwaka 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubeleji, Lumumba alikamatwa. Alikuwa ametumia franga za posta, zaidi ya franga 100 000. Alikubali kosa. Mushahara wa karani mweusi ulikuwa mbali sana na ule wa Muzungu aliyefanya kazi moja naye, na kuishi namna karte ile ilivyotaka, nyumba safi, viatu, watoto katika shule nzuri, kuliomba mushahara ambao hawakumupa. Hiyo inaeleza, haifuti. Wenzake wa Stanleyville walichanga franga wakazirudisha. Tribinali ilimuhukumu hata hivyo, na alitoka gerezani katika Septemba 1957.

Tunaieleza kwa sababu tunajua delege ambao wameanguka kwenye shimo hilohilo. Anakuwa mutu wa watu, kila nyumba yenye matanga inamuita, kila mugonjwa anabisha kwake, na sanduku la wengine liko karibu na mukono. Kupanda bila shule, bila mutaji, bila ndugu mwenye kushika mukono, kuna bei yake. Mutu anafika juu na mifuko ya chini.

Lakini angalieni kile alichofanya gerezani: aliandika kitabu. Ni kitabu kizima juu ya Congo na kesho yake, chenye sura juu ya mishahara, shule, ndoa, uhusiano wa Weusi na Wazungu. Kilitoka Bruxelles katika 1961, wakati mwandishi alikuwa amekwisha kufa.

Kutoka bia mpaka serikali

Aliyetoka gerezani hakuweza tena kurudi posta. Alishuka Léopoldville, akapata kazi katika kiwanda cha bia cha Bracongo, akauza bia ya Polar. Kuna wanaocheka jambo hilo. Sisi hatuoni cha kucheka. Muuzaji wa bia anaingia kila bar, anasalimia kila kabila, anajifunza lugha za muji. Lumumba alikuwa anasema Kitetela, Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba. Katika Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha MNC, chama kilichokataa kuwa cha kabila moja. Desemba ya mwaka ule alikuwa Accra, kwenye mukutano wa watu wote wa Afrika, karibu na Nkrumah.

Mambo yakaenda mbio. Alikamatwa nyuma ya fujo za Stanleyville mwishoni mwa 1959, akafungwa, na katika Januari 1960 akatolewa gerezani kupelekwa Bruxelles kwenye Meza ya Muviringo, kwa sababu wajumbe wengine walikataa kuendelea bila yeye. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kilipata viti 33 juu ya 137, kuliko chama kingine chochote, na watu wa Maniema walikuwa kati ya wale waliomupa kura kwa nguvu. Tarehe 30 Juni uhuru ulifika. Mbele ya mufalme wa Wabeleji alisema maneno ambayo hayakuwa katika programu, juu ya kazi ngumu na mushahara usiotosha, na kila mufanyakazi aliyemusikia kwenye redio alijua kwamba ni yeye anayesemwa. Siku mbili nyuma alifikisha miaka 35.

Inchi bila wasomi

Sasa bei ya ule mupango wa zamani ikatokea. Congo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13, na wenye diploma ya universite hawakufika 30. Munganga Mucongomani mwenye diploma hakukuwa hata mumoja. Enjinia hakukuwa. Katika jeshi lote hakukuwa ofisa mweusi hata mumoja. Tarehe 5 Julai askari waliasi maofisa wao Wabeleji. Tarehe 11 Katanga ikajitenga pamoja na shaba yake. Wazungu wa serikali walikimbia, na biro zikabaki na karani waliokuwa wamezoea kunakili barua, si kuziamua. Kiongozi alikuwa na moyo na ulimi. Mashine ya kufanya kazi hakuwa nayo. Tunasema wazi: kama Lumumba angekuwa na Wakanza mia tano nyuma yake, historia ingekuwa na njia zingine za kupita.

Lakini kuko upande wa pili, na vijana wa universite wanapaswa kuusikia pia. Tarehe 5 Septemba Prezida Kasa-Vubu alimutoa Lumumba katika kazi. Tarehe 14, Kolonele Mobutu alitangaza kwamba anawaweka wanasiasa wote pembeni. Aliweka nani fasi yao? Wanafunzi. Serikali ya Makomisere iliundwa na wenye diploma wachache waliokuwako, na wanafunzi wa Lovanium na wa Ubeleji, wengine wakiwa bado hawajamaliza masomo. Wao waliulizwa lile ulizo la kazi ao universite, na walichagua kazi: biro kubwa, gari, cheo, mbele ya diploma kukauka wino.

Lumumba alifungiwa nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka ndani ya mvua kwenda Stanleyville kwa watu wake. Walimukamata mwanzoni mwa Desemba karibu na muto Sankuru; inaelezwa kwamba yeye alikuwa amevuka tayari, na alirudi kwa sababu muke na mutoto wake walibaki ngambo. Tarehe 17 Januari 1961 aliingizwa katika ndege ya kwenda Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wawili kati ya wale Makomisere, watu wa masomo, waliisindikiza ndege ile. Usiku huohuo wote watatu walipigwa risasi, mbele ya mawaziri wa Katanga na Wabeleji. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi ili asiwe na kaburi.

Jino moja lilibaki, lilichukuliwa na polisi Mubeleji. Katika Juni 2022 Ubeleji iliirudishia familia jino hilo. Lilipitishwa Onalua, Kisangani, Shilatembo, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Na katika Moscow, tangu 1961, universite kubwa ya kufundisha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini iliitwa kwa jina lake. Jina liliondolewa katika 1992, likarudishwa katika 2023. Yule ambaye hakupita mulango wa universite, jina lake liliandikwa juu ya mulango.

Tunawaambia nini wazazi?

Tusidanganyane kwa kutumia jina la Lumumba. Kijana anayekataa masomo na kusema Lumumba naye hakusoma, hajui anachosema. Lumumba alisoma maisha yake yote. Alichokosa ni mulango, si mapenzi. Yeye alitafuta mwalimu usiku, kwa taa, akiwa amechoka. Kama leo mulango uko wazi na kijana anapita pembeni bila hata kuangalia, anatupa kitu ambacho watu walikufa wakikililia.

Lakini pia hatutasema kwa muzazi asiye na kitu kwamba auze shamba lake lote ili mutoto aende Kindu ao Lubumbashi, kisha wadogo wanne wabaki bila shule. Tumeona nyumba zilizokauka namna hiyo. Kuingia kazini si aibu, na si mwisho wa kitabu.

Kwa hiyo tunawaambia wazazi hivi. Mwenye kuweza kwenda universite aende, na achague masomo ambayo inchi yetu ya migodi inayakosa: jeolojia, sheria ya kazi, hesabu za kampani, uganga. Mwenye kulazimika kufanya kazi afanye, lakini aweke mwaka wa kurudi, auandike mahali, na familia iujue. Na yeyote anayeingia kazini na diploma ya Leta, asiiache nyumbani ukutani. Aje nayo kazini.

Tutoe mufano. Kuliko kampani moja ndogo iliyokuwa inafanyia ingine kazi, hatutaitaja, iliyowaandika watu kwa siku, kila siku kontra mupya, miezi na miezi. Watu wazima, hodari, walitia kidole bila kusoma. Kijana mumoja aliyekuwa ameahirisha universite alikuwa anafanya kazi nao. Alikuja kwetu jioni na ile karatasi, tukafungua naye Code du Travail ya 2002. Imeandikwa: mufanyakazi wa siku akimaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena, kontra yake inahesabiwa kuwa ya bila mwisho. Watu walikuwa na haki hiyo mikononi, na hakuna aliyewaambia. Kazi ya kuidai ilichukua muda na haikumalizika vizuri kwa wote. Lakini ilianza na mutu mumoja aliyesoma mistari miwili.

Kuko pia Code Minier ya 2018, inayosema kwamba kampani ya mgodi inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wa pale. Nani katika kijiji atasoma hesabu ya mauzo na kujua kama asilimia ile ni ya kweli? Siku ile tunapoketi mezani na kampani, wao wanakuja na wajuzi wao watatu, na sisi tunakuja na haki. Haki bila mutu wa kuhesabu inarudi nyumbani na njaa.

Karani wa Kalima aliona jambo hilo akiwa na miaka 18: sururu inachimba, karatasi inagawa. Hakuchagua kati ya kazi na masomo, kwa sababu hakuna aliyemupa kuchagua. Watoto wetu wanachagua, hata kama ni kwa shida. Tukikaa nao jioni hii, papa, mama na mutoto, tusiulize tu ni wapi franga itatoka upesi. Tuulize pia: nyuma ya miaka kumi, katika nyumba hii, ni nani atakayesoma karatasi?